Kirungu Kilichokuwa Kinalegea Kila Wiki

Mara ya kwanza kirungu cha kurekebishia moto wa jiko langu kilipolegea nilikikaza kwa ncha ya kisu cha jikoni nikaendelea na mikate. Ilikuwa Machi, mvua bado zinanyesha, wauza chai wa stendi wanangoja boflo zao kabla ya saa moja asubuhi, na mimi nina unga kilo ishirini na tano uliokwisha kuumuka. Skrubu ndogo ya ubavuni niliizungusha hadi ikagoma, nikajaribu kirungu, kikashika. Nikasahau.

Jiko lenyewe ni la kuni, la chuma cha kumimina, zito kiasi kwamba siku tulipolileta nyumbani Isevya tulihitaji vijana sita na magogo mawili ya kulivingirishia. Nililinunua kwa familia ya wageni waliokuwa wanafunga nyumba yao hapa Tabora mjini na kurudi kwao Ulaya. Oveni iko kulia, moto kushoto, mlango wa majivu chini. Nyuma yake, mahali usipopaona mpaka uiname, kuna kitu ambacho majiko yetu ya kawaida hayana: themostati. Ubavuni kimetoka kirungu cha kuzungushia, ukubwa wa kizibo cha chupa ya chai, na chini yake kibao chenye alama kuanzia sifuri hadi tano.

Ukifungua kibati cha nyuma unakuta springi bapa iliyojiviringa kama konokono. Ncha yake imeshika mnyororo mwembamba, mfano wa cheni ya shingoni, na mnyororo umeshika kifuniko kidogo kinachoziba tundu la hewa. Jiko likiwa baridi, springi imevuta mnyororo, kifuniko kimeinuka, hewa inaingia na kuni zinashika. Jiko likichemka, springi inajilegeza, kifuniko kinashuka kwa uzito wake chenyewe. Moto ukipoa, kinainuka tena. Hakuna umeme wala betri. Kirungu kazi yake ni moja tu, kuipa springi mahali pa kuanzia. Ukikiweka kwenye nne, itachukua joto kubwa zaidi kabla kifuniko hakijafunga. Ukikiweka kwenye moja, kinafunga mapema.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Siku nilipomwonyesha ile springi alicheka kwa furaha, akaenda kuleta daftari lake la fizikia. Metali mbili zilizobanwa pamoja, moja ikiwa inatanuka kuliko mwenzake, zikipata joto hazina namna ila kujipinda. Fimbo ya brasi yenye urefu wa mita moja ukiiongezea joto la nyuzi 100 hurefuka karibu milimita 2. Ya chuma cha pua hurefuka kama milimita 1.2. Kwa tofauti ndogo ya namna hiyo, kifuniko changu kinapanda na kushuka usiku kucha. Daftari lilisema pia kwamba Mwingereza John Harrison aliitumia kanuni hiyo kwenye saa zake katika karne ya 18, ili joto na baridi visizipotoshe. Nililipenda sana jiko langu siku ile.

Wiki moja baada ya kukikaza, kirungu kikalegea tena. Safari hii hakikuwa kinacheza tu, kilikuwa kinazunguka bure. Unakizungusha kutoka nne kwenda mbili, mkono unahisi kitu kimesogea, mshale unaonyesha mbili, lakini mhimili ulioko ndani umebaki palepale. Wapishi wenzangu, hapa ndipo penye hatari. Kirungu kikidondoka utajua kimeharibika. Kikiwa bado mahali pake na bado kinasoma namba, utakiamini. Siku ile niliunguza boflo arobaini chini huku matumbo yake bado ni unga, kwa sababu nilikuwa nasoma mbili na jiko linasoma nne.

Nikaita fundi. Ni fundi mzuri wa baiskeli na mashine za kushonea, simlaumu. Alitoa kirungu, akanionyesha kwamba mhimili ulikuwa na upande mmoja bapa ambao skrubu inakaa juu yake, na ule ubapa umeliwa, umekuwa duara. Skrubu haina pa kushika. Akapaka gundi ya chuma, ile ya mirija miwili inayochanganywa, akarudisha kirungu, akaniambia nisiwashe mpaka kesho.

Gundi ilidumu siku nne. Jiko likishachemka vizuri gundi ya kawaida kama ile hulainika, na siku ya nne ilianza kutoa harufu kali iliyoingia mpaka kwenye keki. Baya zaidi, kidogo ilikuwa imetiririka ndani ya tundu ambamo mhimili unazungukia. Jiko lilipopoa, mhimili ukaganda. Ilinichukua Jumapili nzima kuikwangua kwa wembe na msumari mwembamba, nikiogopa kuigusa springi, maana ukiipinda springi ile hapa mjini hutapata nyingine.

Tiba ya tatu ilikuwa ya kwangu mwenyewe. Nilikata kipande cha kopo la soda, upana wa ukucha, nikakizungushia kwenye mhimili ili kirungu kibane, kisha nikakaza skrubu. Kilishika vizuri mno. Wiki mbili nzima sikusikia lolote. Ila nilikosea jambo ambalo sasa nikilikumbuka mwili unasisimka. Nilikirudisha kirungu bila kuangalia kifuniko cha hewa kiko wapi. Niliweka mshale pale nilipodhani ni sifuri. Kwa kweli ilikuwa karibu na tatu.

Ikaja Juni. Juni ya Tabora mnaijua, alfajiri unatoka nje baridi inakuuma masikio, na kila mtu anataka mkate wa moto. Saa kumi alfajiri nilikuwa naviringa unga, umeme umekatika, taa ya sola iko juu ya meza tu. Kijana anayenisaidia alikuwa ametia kuni kavu za mti uitwao mtundu, uliokatwa mwaka jana, akajaza mpaka juu kwa sababu alitaka jiko liwahi. Nikasikia mngurumo kama wa lori linalopanda kilima mbali. Nikadhani ni lori kweli.

"Mama, bomba!"

Niligeuka. Bomba la moshi, pale linapotoka kwenye jiko, kiasi cha mkono mmoja kwenda juu, lilikuwa limeiva. Si jekundu la kung'aa. Lilikuwa na wekundu wa makaa yanayokaribia kuzimika, rangi ambayo mchana nisingeiona kabisa. Chuma hakifiki rangi hiyo mpaka kipite nyuzi 500. Juu yake kuna paa la bati na boriti za mbao. Kijana alikuwa ameshika kirungu kwa kitambaa, anakizungusha kwenda sifuri, kimefika mwisho na bado anakisukuma kwa nguvu zote.

Alipokimbilia ndoo ya maji nikamshika mkono. Hili naliandika wazi kwa yeyote mwenye jiko la chuma cha kumimina: usilimwagie maji. Chuma hicho kikipigwa na ubaridi wa ghafla kinapasuka, na mvuke unaorudi unaunguza uso. Nilihakikisha mlango wa kuni umefungwa, nikausukuma mlango wa majivu kwa mti wa ufagio mpaka ukakaa sawasawa, nikalitia tambara lililolowa kwenye tundu la hewa la nyuma. Tukatoka nje na watoto, tukasimama uani tunaangalia paa. Mngurumo ulipungua baada ya dakika chache. Bomba lilirudi jeusi. Sikuoka siku ile.

Jioni nilimpigia mjomba wangu aliyeko Urambo. Mjomba amelima tumbaku maisha yake yote, na kule, tangu Waingereza waliposhindwa na mradi wao wa kulima karanga na tumbaku ikachukua nafasi, kuna wazee wanaoujua moto kuliko fundi yeyote. Kukausha tumbaku kwenye bani, yaani banda lenye tanuri la kukaushia, ni kazi ya karibu wiki nzima, usiku na mchana. Unaanza na joto la kama nyuzi 35 ili majani yageuke njano polepole, unapandisha kidogo kidogo, unamaliza karibu na 70 ili mishipa mikubwa ya jani ikauke. Ukipandisha haraka, jani linakauka likiwa bado kijani na umeshapata hasara. Mjomba amekesha mbele ya milango ya tanuri akiwa na kipimajoto na daftari tangu mimi niko mtoto.

Alikuja kwa basi la asubuhi. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba, kirungu kinalegea." Akaitikia marahaba, akanywa chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza miezi mitatu yote: "Kwa nini kinazungushwa kwa nguvu?"

Nilinyamaza. Ni kweli. Kirungu cha namna ile hugeuzwa kwa vidole viwili, mara mbili au tatu kwa siku. Kwetu kilikuwa kinapigwa vita. Mimi, kijana, hata binti yangu, kila mmoja alikuwa anakishusha, anaona joto halishuki, anakishusha zaidi, kinafika mwisho, anakilazimisha. Ndivyo ule ubapa wa mhimili ulivyoliwa. Skrubu haikulegea yenyewe, tuliilegeza sisi kwa mikono yetu, na tulifanya hivyo kwa sababu jiko lilikuwa halitutii.

"Sasa tutafute kwa nini halitii," mjomba akasema.

Jiko likiwa baridi, alichana ukurasa wa gazeti vipande vyembamba. Akafungua mlango wa kuni, akaweka kipande ukingoni, akafunga, akavuta. Karatasi ikakataa, ikachanika. Akasogea, akarudia, akazunguka mlango mzima. Karatasi inakataa kila mahali. Akashuka kwenye mlango wa majivu. Juu ilikataa. Upande wa kitasa ilikataa. Kona ya chini, upande wa bawaba, karatasi ilitoka kama vile mlango haukufungwa. Akaivuta mara ya pili, ikatoka hivyohivyo.

Kisha akaniomba udi. Tuliwasha moto mdogo, tukafunga milango yote, kirungu tukakiacha mpaka kifuniko cha hewa kifunge. Mjomba akashika kijiti cha udi karibu na ile kona. Moshi ambao ulikuwa unapanda taratibu, umenyooka, ukapinda ghafla ukaingia ndani ya jiko kama uzi unaovutwa. Tulichuchumaa pale sote tukiuangalia. Sitausahau ule moshi.

Themostati yangu haikuwa na kosa. Ilikuwa inafunga mlango wake kama ilivyoumbwa, lakini moto ulikuwa na mlango wa pili, na ule wa pili uko chini ya wavu wa makaa, mahali pabaya kuliko pote, maana hewa ikiingia kutokea chini inapuliza makaa kama mivukuto ya mhunzi. Usiku ule wa bomba, hewa ilikuwa inaingia kona ile, na juu ya hapo kirungu changu kilichokaa vibaya kilikuwa kinaacha tundu la nyuma wazi. Makosa mawili yalikutana na kuni kavu zilizojaa.

Kona ilivuja kwa sababu kamba inayozunguka mlango ilikuwa imekwisha. Ni kamba nene inayokaa kwenye mfereji wa mlango ili chuma kisigusane na chuma. Ya kwangu ilikuwa ya kijivu, imekuwa ngumu, na pale konani ilikuwa imebaki vumbi tu. Hapa mjomba alitaka kuikwangua kwa bisibisi na mimi nikamzuia, kwa sababu majiko ya zamani yalitiwa kamba za asbesto, na kwa macho huwezi kuitofautisha na nyingine. Nyuzi za asbesto ukizivuta hukaa mapafuni, na ugonjwa wake hutokea miaka mingi baadaye, hata ishirini au thelathini. Tuliichukulia kuwa ndiyo. Watoto wakaenda kwa jirani, tukavaa barakoa na glavu, tukailowesha kamba kwa maji yenye sabuni mpaka ikalegea, tukaitoa ikiwa mbichi bila kuipiga brashi, tukaifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki, na vitambaa vya kufutia tukavitia humohumo. Kama jiko lako ni la zamani, tafadhali usiruke hatua hii. Wala usipulize vumbi lake kwa mdomo.

Kamba mpya ni ya nyuzi za kioo. Tabora sikuipata. Niliagiza Dar es Salaam kwa mtu anayeuza vifaa vya matanuri, unene wa milimita 10, pamoja na simenti inayohimili moto ya kuigandishia, ikaja kwa basi. Kuiweka ni rahisi kuliko kuisubiri. Unaipaka simenti kwenye mfereji, unailaza kamba bila kuivuta, maana ukiivuta inakuwa nyembamba na mlango hautabana, unakutanisha ncha upande wa juu, unafunga mlango na kuuacha usiku mzima. Asubuhi karatasi ilikataa kila kona.

Ndipo tukarudi kwenye kirungu, na hapo kikawa kazi ya saa moja. Fundi yuleyule wa baiskeli alichomoa mhimili, nami nimeshikilia springi kwa vidole isisogee. Akatoa kibati changu cha kopo, akapiga tupa ubapa mpya kwenye chuma kizima, pembeni ya ule ulioliwa. Kisha akatoboa tundu la milimita 3 linalopita kwenye shingo ya kirungu na mhimili kwa pamoja, akapitisha pini ya chuma, akaikunja ncha. Hakupaka gundi, wala grisi, maana grisi ingeungua na kuganda. Mhimili ulikuwa unakwaruza kidogo, akausugua kwa risasi ya penseli, ile nyeusi ya katikati, ambayo haijali joto. Pini ile haiwezi kuzunguka bure. Ama inazungusha mhimili, ama inakatika, na ikikatika utaiona.

Kabla ya kutoboa, lakini, mjomba alitusimamisha tuweke namba mahali pake. Jiko liwe baridi kabisa, asubuhi, halijawashwa tangu jana. Tuligeuza mhimili kwa koleo taratibu huku binti yangu ameinama nyuma na tochi, anatazama kifuniko. "Bado, bado, hapo!" Pale kifuniko kilipogusa tundu bila kulemewa ndipo tulipoweka mshale kwenye sifuri. Tukazungusha hadi tano tukaona kinainuka wazi. Fundi akapiga alama ya tupa kwenye mhimili na nyingine kwenye kibao, zikitazamana, ili siku yoyote nikitilia shaka kirungu niangalie chuma chenyewe.

Mjomba alikaa siku tatu zaidi. Nilinunua kipimajoto cha oveni, tukawasha jiko kwa kila alama, na yeye akaandika kila nusu saa kwenye daftari la mraba, kama alivyokuwa anafanya kwenye bani. Kwa kuni kavu, alama ya tatu inanipa nyuzi kati ya 200 na 220 ikishatulia, na hiyo ndiyo boflo. Mbili ni keki. Tano situmii ila kuwasha. Kutulia kwenyewe kunachukua karibu dakika arobaini. Zamani ningeshakuwa nimekizungusha kirungu mara sita ndani ya muda huo.

Aliniwekea na sharti la kuni. Mwezi ule wa mvua nilikuwa natumia kuni zenye maji, na kuni mbichi zinafanya moto unafuka badala ya kuwaka, moshi wake unaganda ndani ya bomba kama lami. Lami hiyo ikishika moto ndiyo inayounguza nyumba. Tulifungua bomba tukakuta unene wa kidole. Sasa kuni zangu zinakaa bandani tangu kiangazi kilichopita, na nazigonga moja moja kabla sijazitia. Kavu inalia, mbichi inaitikia kwa sauti nzito. Na dirisha la juu halifungwi hata Juni, maana moto unaofuka kwa kukosa hewa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na mtu aliyelala hawezi kuisikia.

Mjomba ameshazeeka, haji tena mara kwa mara. Ila kila Jumapili jioni anapiga simu, na baada ya salamu anamtaka binti yangu, si mimi. "Karatasi imekataa?" Binti anakwenda na vipande vya gazeti, anazunguka milango yote miwili akiwa na simu sikioni, anamtajia kona moja baada ya nyingine. Juzi kwenye mlango wa majivu, kona ileile ya bawaba, karatasi ilichelewa kidogo kisha ikatoka nzima. Nimeshaagiza mita nyingine ya kamba.